Je, Nissan itaondoka Marekani na kuniacha na deni la gari?

Swali la msomaji:

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mhudumu wa wagonjwa wa majumbani hapa Columbus, Ohio, na kila siku ya kazi naendesha si chini ya maili 60. Gari langu ni Nissan Rogue ya mwaka 2019. Limefika maili 88,000 na nimeshamaliza kulilipia, ila siku hizi giaboksi inasita kidogo asubuhi za baridi. Wakala aliyeniuzia amenipigia simu akitaka kunipa Rogue mpya kwa punguzo kubwa, nikope dola 30,000 kwa miezi 72, riba asilimia 9. Mume wangu hataki kusikia. Anasema Nissan inakufa, imeuza hadi jengo la makao makuu yake, Honda wameikimbia baada ya kuona vitabu vyake, na ikifungasha virago Marekani tutabaki na gari lisilo na dhamana wala vipuri. Mdogo wangu aliye Mombasa naye anataka kununua X-Trail na habari hizi zimemtia wasiwasi. Je, kampuni hii itaondoka kweli? Nichukue gari jipya, nibaki na hili, au nihamie kampuni nyingine?"

Dada yangu, nimelisoma swali lako mara mbili kwa sababu ndani yake mna maswali matatu yaliyofungamana: la kampuni, la gari na la deni. Mume wako amelishika la kampuni kwa nguvu zote, wewe unalisikia la gari kila asubuhi unapoliwasha, na la deni, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, hakuna aliyelizungumza. Nitayafungua moja baada ya jingine. Ila usisubiri hadi mwisho ndipo ujue ninakoelekea: sioni Nissan ikiondoka Marekani ndani ya muda wa mkopo huo, na hata hivyo nisingekushauri uutie saini.

Nianze na hofu ya mume wako, maana haikutoka hewani. Katika mwaka wa fedha uliomalizika Machi 2025, Nissan ilitangaza hasara ya yen bilioni 670.9. Mkurugenzi mkuu, Makoto Uchida, aliachia ngazi, na tarehe 1 Aprili 2025 nafasi yake ikashikwa na Ivan Espinosa, raia wa Mexico aliyepanda vyeo ndani ya kampuni hiyo hiyo. Mwezi Mei alitangaza mpango wa kupunguza wafanyakazi 20,000 na kupunguza viwanda kutoka 17 hadi 10. Miongoni mwa viwanda vitakavyoacha kuunda magari kimo cha Oppama, Japani, kilichoanza kazi mwaka 1961 na ambako ndiko ilikotengenezwa Leaf ya kwanza ya umeme. Mashirika makubwa yanayopima uwezo wa kampuni kulipa madeni yake yameshusha hatifungani za Nissan hadi daraja la hatari. Na ni kweli, Novemba 2025 ilitangaza kuliuza jengo la makao makuu yake huko Yokohama kwa yen bilioni 97.

Hata hivyo, kila moja ya habari hizo ina upande ambao haufiki kwenye vichwa vya habari. Jengo limeuzwa, lakini kampuni haikuhama. Imebaki humo kama mpangaji. Mtu anayeuza nyumba yake kisha akaipanga nyumba hiyo hiyo anatuambia kwamba anahitaji fedha taslimu haraka, na hilo si jambo dogo, ila hajatuambia kwamba anahama mji. Kuhusu hasara, zaidi ya yen bilioni 500 kati ya hizo 670.9 zilitokana na kushusha thamani ya mali vitabuni. Mfikirie seremala aliyeandika kwamba mashine yake ina thamani ya milioni 10, kisha siku moja akakiri kwamba kwa kazi zilizopo haiwezi tena kuzalisha zaidi ya milioni 4. Ameandika hasara ya milioni 6, na mwaka huo hakuna shilingi iliyotoka mfukoni mwake kwa sababu hiyo. Mwisho wa mwaka huo wa fedha biashara ya magari ya Nissan ilikuwa bado na akiba halisi ya karibu yen trilioni 1.5. Tarakimu inayonitisha mimi ni nyingine kabisa: faida ya uendeshaji ilianguka kutoka yen bilioni 568.7 hadi bilioni 69.8 ndani ya mwaka mmoja. Hapo ndipo unapoona kwamba kampuni inauza mamilioni ya magari na karibu haibaki na kitu.

Kuhusu Honda, mazungumzo ya kuungana yalitangazwa rasmi tarehe 23 Desemba 2024 na yakavunjika tarehe 13 Februari 2025. Kilichoyavunja hadharani ni mvutano wa madaraka. Honda ilipendekeza kuifanya Nissan kampuni tanzu iliyo chini yake, badala ya wote wawili kukaa chini ya kampuni mama mpya kama walivyokubaliana mwanzo, na Nissan ikakataa. Kusema kwamba Honda ilikimbia baada ya kuona uozo vitabuni ni kujaza pengo kwa dhana.

Wengine watakwambia kwamba ushuru wa forodha ndio ulioiua Nissan. Ushuru umeiumiza, hilo halina ubishi. Tarehe 3 Aprili 2025 Marekani iliweka asilimia 25 zaidi kwa magari yanayoingizwa, na kwa magari ya kutoka Japani kiwango kikashuka hadi jumla ya asilimia 15 mwezi Septemba. Nissan huleta magari mengi kutoka Mexico na Japani. Lakini ugonjwa ulikuwa mwilini miaka mingi kabla ya ushuru, na ni muhimu uuelewe, kwa kuwa ndio utakaoamua bei ya gari lako siku utakapotaka kuliuza.

Kampuni hii iliingia Marekani mwaka 1958 kwa jina la Datsun. Mwaka 1983 kiwanda chake cha Smyrna, Tennessee, kilianza kutoa magari, na mwaka 2003 kikafuata cha Canton, Mississippi. Mwaka 1999 ilikuwa hoi kwa madeni hadi Renault ya Ufaransa ikanunua asilimia 36.8 ya hisa zake na kumpeleka Carlos Ghosn kuiokoa. Aliiokoa kweli. Ila baadaye akaiwekea lengo la kushika asilimia 8 ya soko la dunia, na huku Marekani njia ya mkato ya kufikia lengo la namna hiyo ni moja: punguzo.

Punguzo lilifanya kazi hivi. Tuseme wakala amewekewa kiwango cha magari 100 kwa mwezi. Akikifikia, analipwa bonasi kwa kila gari, tangu la kwanza hadi la mia. Akiishia 98, hapati senti. Basi tarehe 30 jioni, akiwa amebakiwa na magari mawili, atayauza kwa bei yoyote, hata kwa hasara ya maelfu ya dola, kwa kuwa bonasi ya yale mengine 98 inategemea hayo mawili. Mteja aliyenunua gari kama hilo tarehe 12 anagundua kwamba jirani yake amelipata kwa bei ya chini sana, na hasahau. Yasiyonunuliwa hata kwa njia hiyo yalipelekwa kwa kampuni za kukodisha magari, mamia kwa mamia. Mwaka 2017 Nissan pamoja na Infiniti, chapa yake ya magari ya kifahari, ziliuza karibu magari milioni 1.6 Marekani, na makaratasini ulikuwa ushindi mkubwa.

Mimi nimefanya kazi kwa miaka mingi ya kukadiria bei za magari yaliyotumika kwa ajili ya wakopeshaji, na matokeo ya ushindi wa aina hiyo niliyaona mnadani. Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, safu ya sedani nyeupe zilizokuwa za kukodisha, zote za mwaka mmoja, vibandiko vya msimbopau vikiwa bado kwenye vioo vya nyuma. La kwanza lilikwenda kwa bei ya haki. La sita lilikuwa limeshuka kwa dola 500. Kufikia la 15 mnadishaji alikuwa anabembeleza. Magari hayakutofautiana kwa lolote, wala hayakuwa na kasoro. Wanunuzi waligeuza tu shingo, wakaona urefu wa safu iliyokuwa inasubiri nyuma, wakanyamaza.

Bei iliyopatikana asubuhi ile haikuishia pale uwanjani. Ndiyo iliyoingia kwenye vitabu vya wakopeshaji kuwa thamani ya kila gari la aina hiyo, likiwemo la mama aliyelinunua jipya, akalitunza na hajawahi kulikodisha kwa mtu. Thamani ya gari lililotumika ikianguka, mikataba ya kukodi gari jipya kwa miaka 3 nayo inapanda bei, kwa sababu anayekodi hulipia thamani ambayo gari linapoteza. Ili mikataba ivutie, kampuni inafidia kwa fedha zake yenyewe. Fedha hizo zilikuwa zibuni magari mapya. Magari yanazeeka, wateja wanapungua, na dawa inayobaki mkononi ni punguzo lile lile.

Ghosn alikamatwa Tokyo Novemba 2018, na miaka iliyofuata viongozi walitumia nguvu nyingi kugombana wao kwa wao. Wakati huo soko la China, lililokuwa tegemeo, likawaponyoka. Kufikia 2024 waliuza huko takriban magari 700,000, chini ya nusu ya kilele chao. Na hapa Marekani, wateja walipoanza kuyakimbilia magari ya haibridi, yaani yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, Toyota na Honda walikuwa nayo tele, ilhali mwaka 2024 chumba cha maonyesho cha Nissan hakikuwa na hata moja, ingawa kampuni hiyo hiyo ilikuwa ikiuza haibridi zake za e-Power nchini Japani tangu 2016. Hilo ndilo kosa ninaloliona kubwa kuliko yote, na ndilo linalonisikitisha, maana wahandisi walikuwa wameshafanya kazi yao. Mauzo ya Marekani mwaka 2024 yalikuwa takriban 924,000.

Sasa tulijibu swali la kuondoka. Kampuni kadhaa za kigeni zimeshaondoka Marekani, na kila moja ilimwacha mteja wake mahali tofauti.

Suzuki ilitangaza Novemba 2012 kwamba inaacha kuuza magari hapa, na tawi lake la Marekani likaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Kabla ya hapo ilikuwa imeshuka kutoka zaidi ya magari 100,000 mwaka 2007 hadi chini ya 27,000 mwaka 2011, na haikuwa na kiwanda chake cha magari nchini. Iliendelea kuuza pikipiki na injini za boti, dhamana za magari yaliyokwisha kuuzwa zikaheshimiwa, na vipuri vikaendelea kupatikana, kwa sababu kampuni mama Japani ilikuwa nzima. Isuzu iliacha kuuza magari madogo Januari 2009 na kubaki na malori, nayo haikuwatupa wateja wake.

Saab ni hadithi nyingine, na nakusimulia kwa sababu ndiyo inayofanana na hofu ya mume wako. Saab ilikuwa mali ya General Motors hadi Februari 2010, ilipouzwa kwa kampuni ndogo ya Uholanzi. Desemba 2011 ikafilisika. General Motors ikasema itaheshimu dhamana za magari yaliyouzwa enzi zake, lakini yaliyouzwa baada ya hapo hayakuwa na wa kuyabeba. Fikiria watu wawili walionunua gari la namna moja, kwa wakala mmoja, mmoja mwishoni mwa 2009 na mwingine mwishoni mwa 2010: gari lilipoharibika, wa kwanza alitengenezewa bure na wa pili alilipa mwenyewe. Kwa hiyo anachotaka kukijua mteja ni kama kutabaki kampuni mama yenye uhai, mahali popote duniani, ambayo bado inahitaji jina lake liaminiwe.

Ukiipima Nissan kwa kipimo hicho, haifanani na Suzuki wala Saab. Marekani ndiyo soko lake kubwa kuliko yote. Zaidi ya robo ya magari yake yote duniani huuzwa hapa. Kwa Suzuki, Marekani ilikuwa tawi ambalo lingeweza kukatwa na mti ukaendelea kuishi, maana mizizi yake ilikuwa India na Japani. Nissan ikikata tawi hili imeukata mti. Zaidi ya hayo, ushuru umekipa kiwanda cha Smyrna umuhimu kuliko awali, kwa kuwa gari linalotoka Tennessee halilipi ushuru wa gari lililoundwa nje, ingawa baadhi ya vipuri vyake hulipiwa. Rogue nyingine hutoka Smyrna na nyingine Kyushu, Japani. Unaweza kujua lako bila kumuuliza mtu: itazame namba ya chesisi chini ya kioo cha mbele, upande wa dereva. Ikianza na 5 limeundwa Marekani, ikianza na J limetoka Japani, na ikianza na K limetoka Korea Kusini, ambako baadhi ya Rogue za miaka hiyo ziliundwa.

Ninachokiona mbele ni Nissan ndogo zaidi, yenye modeli chache, pengine yenye mwenza mpya mwenye sauti kubwa ndani yake. Hata ikilazimika kwenda mahakamani kupanga upya madeni, sheria ya ufilisi ya hapa, katika sura yake ya 11, inairuhusu kampuni kuendelea kufanya kazi huku ikijipanga. General Motors na Chrysler zilipita huko mwaka 2009 na dhamana za wateja zikasalimika. Wajibu wa kurekebisha bure kasoro za kiusalama hauondolewi na ombi la aina hiyo, kwa kuwa sheria ya shirikisho inasema hivyo waziwazi.

Hebu sasa tuiache kampuni tulitazame gari lako, kwa sababu hapa mmeihofia dhamana msiyokuwa nayo. Dhamana ya Nissan kwa gari zima ni miaka 3 au maili 36,000, na kwa injini na giaboksi ni miaka 5 au maili 60,000, kinachotangulia kufika. Gari lako la 2019 limepita vyote viwili. Kampuni ikifa kesho au ikiishi miaka 100, giaboksi yako itatengenezwa kwa fedha zako.

Na gari jipya? Unaendesha maili 60 kwa siku ya kazi. Kwa siku 260 za kazi hizo ni maili 15,600 kwa mwaka, kabla hujaenda kanisani, msikitini au sokoni. Dhamana ya injini na giaboksi itafika mwisho kabla ya miaka 4 kutimia, ilhali mkopo wako ni wa miaka 6. Utalipa zaidi ya miaka 2 deni la gari lisilo na dhamana, hata kama Nissan itakuwa imepona kabisa. Mume wako amehofia kubaki na gari lisilo na dhamana, na kwa mkataba ule hilo ni hakika kwa hesabu ya kawaida tu, bila kampuni kuondoka popote.

Tuendelee na hesabu. Dola 30,000 kwa riba ya asilimia 9 na miezi 72 ni malipo ya takriban dola 541 kwa mwezi. Baada ya miaka 3 utakuwa bado unadaiwa karibu dola 17,000. Ikiwa wakati huo gari litakuwa limepoteza nusu ya bei yake, jambo ambalo kwa maili zako na kwa historia ya punguzo niliyokueleza si la ajabu, thamani yake itakuwa 15,000, nawe utadaiwa 2,000 zaidi ya kile unachomiliki. Likigongwa likawa la kutupwa, bima italipa thamani, na tofauti utaitoa wewe. Mkopo huo huo kwa miezi 48 ni takriban dola 747 kwa mwezi, na baada ya miaka 3 ungebakiwa na deni la 8,500 tu. Kama 747 haziwezekani kwenye bajeti yenu, nami naelewa vizuri kwamba kwa kazi ya kuhudumia wagonjwa mara nyingi haziwezekani, basi gari hilo ni ghali kwenu kwa sasa, na miezi 72 inaficha ughali huo bila kuuondoa.

Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza ni kubaki na gari ulilonalo na kulishughulikia. Giaboksi yake ni ya CVT, ambayo haina gia za kupanda moja baada ya nyingine. Ina mkanda wa chuma unaokimbia kati ya puli mbili, na puli hizo hupanuka na kubana kubadilisha mwendo. Kila kitu humo hutegemea oili. Oili ikichakaa, shinikizo hupungua, mkanda huteleza, na kuteleza huko hukwangua chuma na kuongeza joto. Giaboksi za Nissan za aina hii zimeleta malalamiko na kesi nyingi Marekani, na kwa baadhi ya modeli kampuni ililazimika kuongeza muda wa dhamana, kwa hiyo usipuuze dalili ya kusita. Muulize fundi mambo mawili: namba za makosa zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya giaboksi, na hali ya oili. Ikibadilishwa, iwe ni oili ya CVT iliyoidhinishwa kwa gari hilo, yaani NS-3, wala si oili ya giaboksi ya kawaida. Nimeona watu wakiua giaboksi nzima kwa kuokoa dola 40. Ikibainika kwamba imekwisha kabisa, kuibadilisha hugharimu maelfu kadhaa ya dola. Hapo zikumbuke zile dola 541: ukizitenga kwa miezi 8 tu, unazo zaidi ya 4,300, bila kudaiwa na mtu.

Ikiwa fundi atasema gari halifai tena, Rogue mpya bado ni chaguo la heshima kwa masharti mengine. Nenda kwanza kwenye vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, vile ambavyo kwetu tunaviita sakosi, upate riba yao kwa maandishi kabla hujakaa mezani na wakala. Mwambie wakala akupe bei ya gari peke yake, kabla ya mazungumzo yoyote ya malipo ya mwezi. Ipime namba ya chesisi kwenye tovuti ya mamlaka ya usalama barabarani ya shirikisho, NHTSA, kwa sababu mwaka 2025 Nissan iliyarudisha gereji magari zaidi ya 440,000, zikiwemo Rogue za 2021 hadi 2024, kutokana na kasoro za beringi za injini yake ya turbo. Ukiuziwa mkataba wa ziada wa matengenezo, soma jina la anayeubeba: ukiwa wa Nissan yenyewe, unategemea Nissan, ukiwa wa kampuni nyingine, uliza ni bima gani iliyo nyuma yake, kwa kuwa kampuni hizo hufa mapema kuliko watengenezaji wa magari.

Haibridi ya Toyota au Honda, hata iliyotumika miaka 3, itakugharimu zaidi siku ya kununua na kukurudishia zaidi siku ya kuuza, na kwa maili zako mafuta yatakayookolewa si haba. Kama una uwezo wa kuisubiri kwa mwaka mmoja huku ukiweka akiba, ndiyo ambayo ningeichagua mimi. Na kama hofu ya kuachwa ndiyo inayokukosesha usingizi, usiihamishie kwa Mitsubishi, ambayo ilifunga kiwanda chake cha Normal, Illinois, mwaka 2015 na kuuza magari takriban 110,000 tu hapa mwaka 2024. Hiyo iko karibu zaidi na ile hali ya Suzuki.

Mdogo wako wa Mombasa asihangaike na haya. X-Trail ndiyo Rogue yenyewe kwa jina jingine, ila yake itatoka Japani ikiwa imetumika, na vipuri vyake vitatoka Japani, Dubai na kwa wauzaji wa pale pale mjini, njia ambayo haipiti Tennessee. Kwetu jina hili lina mizizi: Datsun zilishinda Safari Rally mwaka 1970 na 1971, na Wakenya waliziita matatu zote za abiria 14 "nissan", hata zilipokuwa Toyota. Hilo halifanyi giaboksi ya gari moja iwe nzima. Amtafute fundi wa kulijaribu gari likiwa baridi, asubuhi, kabla ya muuzaji kuliwasha.

Wewe nawe, kabla ya kumjibu wakala, fanya hivyo hivyo. Tafuta fundi wa giaboksi asiye na uhusiano na yadi yoyote ya kuuza magari, uliache gari kwake usiku kucha ili aliwashe mwenyewe alfajiri, na umwombe ripoti ya maandishi. Likianza kukosa nguvu katikati ya barabara kuu, au likichelewa kuondoka unapokata kona mbele ya magari mengine, acha kuliendesha hadi lipimwe. Hilo halisubiri ushauri wa kuandikiana. Kama mna madeni mengine, kaeni wewe na mume wako na mshauri wa mikopo wa shirika lisilo la faida, mkiwa na hati zenu za mishahara. Na ukishanunua jipya, weka kila karatasi ya gereji tangu siku ya kwanza, kwa kuwa sheria ya Ohio ya magari mabovu inakulinda kwa kasoro zinazojitokeza ndani ya miezi 12 au maili 18,000 za mwanzo, kinachotangulia kufika, na kwa mwendo wako vyote viwili vitafika karibu wakati mmoja. Gari likirudi gereji mara ya tatu kwa kasoro ile ile, mtafute mwanasheria wa haki za walaji wiki hiyo hiyo.